Zamu ya Mto

Siku hizo kila mto ulikuwa na kura kwenye kikao cha mtaa, na sheria ilitaka kijana ausemee kwa miezi mitatu, akisema "mimi" kana kwamba ndiye mto. Vijana wenzake walimchagua Zuwena, binti wa Bi Tausi, fundi wa batiki.

Asubuhi moja Bi Tausi alibeba beseni la maji ya rangi kwenda kuyamwaga kwenye mtaro uingiao mtoni.

"Mama, usinimwagie," Zuwena alisema. "Yananiwasha."

Bi Tausi akalitua. Kesho yake vijana walimchimbia shimo la kuchujia maji hayo, kisha wakaenda kuchimba kwa jirani.

Zamu ya Zuwena ilipokwisha, kambale walikuwa wamerudi mtoni, chini ya daraja. Bi Tausi akapakua ugali kwa furaha.

"Zuwena, njoo ule."

Kimya.

Akasita. "Mto?"

"Abee, mama. Naja."