Siku Aliyozaliwa Mwanahawa

Chuoni, filamu za mtihani hurekodiwa kutoka kwenye kumbukumbu za watu, na kumbukumbu ikisharekodiwa humtoka mwenyewe. Rukia alichukua kumbukumbu ya harusi ya mama yao, akaongoza darasa. Dada yake Mwanahawa, aliyesoma naye darasa moja, alipika kwa hasira wiki nzima.

“Nipe siku niliyozaliwa,” alimwambia mama.

“Hiyo naipenda, mwanangu.”

“Rukia mbona ulimpa?”

Mama akavaa kofia ya kurekodia.

Mwanahawa alimpita Rukia kwa alama. Siku ya matokeo waliitazama filamu sebuleni: mikono ya mwanamke inapokea kichanga, sauti yake inacheka huku inalia.

“Umeitengeneza vizuri,” mama alisema, macho hayabanduki kwenye kioo. “Huyo mama kabahatika. Mimi sijawahi kufurahi hivyo.”