Karatasi Nyuma ya Vigae

Mama Bati alimpiga mkwewe kofi mbele ya wateja.

Alikuwa amemfuma akipita na boksi la stakabadhi begani, akielekea uani, ambako pipa la kuchomea taka lilikwisha kuanza kufuka moshi. Boksi lilianguka. Risiti na ankara za miaka mingi zikatapakaa sakafuni, kati ya ndoo za rangi na misumari.

"Nani kakutuma?"

Mkwe alishika shavu. Alikuwa mhasibu wa duka, mtu wa sauti ya chini, na tai yake haikuwahi kupinda hata siku ya joto kali. "Samahani, mama. Lakini zote ziko kwenye kompyuta sasa. Mwanao ameziingiza mwenyewe, moja moja. Hizi zinafuga panya tu."

"Panya yupo, kweli. Tena amevaa tai."

Wateja walicheka. Mhasibu aliinama kuokota karatasi.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa la Mama Bati tangu mumewe afariki. Jina hilo alipewa kwa sababu sauti yake ikipanda ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya paa. Kwa miezi kadhaa mkwe alikuwa akimsihi: karatasi zinaliwa na mchwa, nakala za kompyuta zinatosha, hata benki zimeacha makabrasha. Naye alikuwa karibu kukubali. Ila duka lilikuwa linauza kuliko zamani, na bado kila akitaka kununua mzigo, hela haitoshi. Halafu huyu kijana ana haraka gani ya kuchoma?

Jioni alimwita binti yake jikoni. Hakuwa na mtoto mwingine.

"Sichomi kitu," alimwambia. "Karatasi zitakaa, na kompyuta itakaa. Na kesho kutwa anakuja mkaguzi kutoka nje, avilinganishe. Maboksi nimeyahamishia stoo, nyuma ya vigae. Nimekwambia wewe peke yako."

Binti alikuwa anakata kitunguu. Kisu kilisimama. "Mama, unamshuku mume wangu?"

"Simshuku. Namngoja."

Binti alijifuta machozi kwa kiwiko. "Kitunguu hiki," alisema, akaendelea kukata.

Kesho yake mchana, binti akiwa ameaga kwamba anakwenda benki, pikipiki mbili zilisimama mlangoni. Waliingia watu watatu wenye helmeti na makoti marefu ya mvua, na nje jua linawaka. Wa kwanza alimshukia mlinzi kwa rungu. Mlinzi alianguka bila hata kulia, damu ikimtoka sikioni. Wa pili akainua panga.

"Lala chini! Atakayeinua kichwa nitakiondoa!"

Wa tatu hakusema neno. Alikuwa amebeba dumu la petroli. Droo ya pesa ilikuwa wazi kabisa, hata hakuitupia jicho. Alinyoosha moja kwa moja kuelekea stoo.

Mama Bati, shavu likiwa limebanwa kwenye saruji, alielewa yote. Mwanangu kamwambia mumewe. Na mume kawaleta hawa.

Ndipo mhasibu alipoinuka kutoka nyuma ya meza yake. Hakumtazama hata yule mwenye panga. Alimrukia mwenye dumu, akamng'ang'ania kiunoni.

"Acha! Nakuomba, acha! Tutalimaliza vingine!"

Panga lilimshukia begani. Mama Bati aliusikia mfupa. Mhasibu alipiga magoti, lakini mikono haikuachia. Panga likarudi, safari hii kwenye mkono, na hapo ndipo alipoachia. Shati lake jeupe likawa jekundu upande mzima.

Mama Bati alimtazama akivuja damu. Nimemwonea, aliwaza. Nimempiga kofi mbele za watu, na huyu anakufa kwa ajili ya duka langu.

Nje watu walianza kupiga kelele za mwizi. Mwenye rungu na mwenye panga walitazamana, wakakimbilia pikipiki. Yule wa tatu hakukimbia. Aliingia stoo, na vigae vikasikika vikianguka na kupasuka.

Mama Bati aliinuka. Karibu na mkono wake palikuwa na kipande cha bomba la chuma. Alikiokota, akamruka mkwewe, akaingia.

Yule mtu alikuwa amempa mgongo, akiyamwagia maboksi petroli kwa pupa. Mama Bati hakumwonya. Alimpiga shingoni, chini ya helmeti, kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba mifuko ya saruji nusu ya maisha yake. Mtu alijikunja. Kiberiti kilimtoka mkononi kikaangukia kwenye petroli, njiti zikiwa hazijawashwa. Akampiga tena. Na tena, mpaka miguu ilipoacha kutupatupa.

"Sema sasa!" alihema. "Sema nani kakutuma!"

Nyuma yake kitu kilikuwa kinaburuzika. Mkwe alikuwa ametambaa hadi mlangoni, akiacha mkondo wa damu. Alitazama ndani ya stoo, na uso ukamlegea.

"Mama," alisema, "usiivue hiyo helmeti."

"Nataka nimwone."

"Nakusihi, mama. Waambie ni mimi niliyeiba. Nitakubali mbele ya yeyote, nitatia sahihi. Lakini usiivue."

Vidole vya Mama Bati vilikuwa vimeshafungua kamba ya kidevuni. Alivuta, na binti yake akamtazama kutoka sakafuni kwa macho yasiyopepesa.