Mzazi Habebwi kwa Ndoo

Masika yalipoingia, samaki wenye mayai waliupanda mto kwenda kuzaa, wakakwama chini ya ukuta wa bwawa. Wanawake wa mji waliwavusha hadi juu, kila mmoja kwa mbeleko yake, kwani mzazi, walisema, habebwi kwa ndoo.

"Jamani nipisheni, huyu uchungu umeshamshika!" alipiga kelele Bi Mwanakheri, wenzake wakaangua kicheko.

Siwema alisimama kando, mbeleko yake kavu kwapani. Tangu amzike mwanawe hakuwahi kuifua, maana harufu ya mtoto ilikuwa bado imo.

"Wewe tuangalie tu, mwanangu," Bi Mwanakheri alimwambia akipanda ngazi. "Nani atakulaumu?"

Mara samaki mmoja akaruka, akajigonga ukutani, akaangukia jiwe miguuni pa Siwema, tumbo limemjaa, anatweta. Wanawake wengine wote walikuwa juu.

Siwema aliingiza uso ndani ya ile nguo, akavuta pumzi ndefu. Kisha akaichovya mtoni, akamfunika samaki, akampakata.

"Twende, mama," alinong'ona.

Akaanza kupanda, maji yakimchuruzika kifuani, na mkono wake ukimpigapiga samaki mgongoni taratibu, kama ulivyozoea.