Kompyuta Isiyo na Diski

Kabla ya kwenda kazini, Hemedi aliifungua kompyuta ya mkewe kwa bisibisi, akaing'oa diski ya ndani. "Sasa tuone huo uuguzi utausomea wapi," alisema, akaondoka nayo.

Sauda aliitazama saa ya ukutani. Mtihani wake wa kuingia chuoni ulikuwa saa nne asubuhi hiyo hiyo, nao ulifanyika mtandaoni. Alimpigia simu Mwalimu Radhia, aliyewafundisha kompyuta kwenye kituo cha akina mama.

"Mwalimu, diski imetolewa. Kompyuta inawaka, lakini haina kitu."

"Ile flashi niliyowapa bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi ndani yake mna mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta. Ichomeke, halafu uwashe. Ukiulizwa ianzie wapi, chagua flashi. Diski haihitajiki."

Kioo kilikaa cheusi muda mrefu hata akaanza kukata tamaa. Kisha maandishi meupe yakapanda mstari kwa mstari, na ukurasa wa buluu ukafunguka. Sauda aliunganisha mtandao wa simu yake, akaandika namba ya mtahiniwa.

Alikuwa amefika swali la thelathini na moja Hemedi aliporudi kuchukua kitambulisho alichokisahau. Alisimama mlangoni akikitazama kioo.

"Umewezaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Subiri, Baba Nasra," Sauda alisema bila kugeuka. "Nimebakiza maswali tisa."

Alisoma swali lililofuata. Nyuma yake alisikia kiti kikivutwa taratibu sakafuni.