Kipande cha Spoku

"Injini hii mlikuwa mnainywesha oili au uji wa ulezi?" Romwaldi alitania, akiisuuza injini ya pikipiki kwa petroli ndani ya karai. Mjane hakucheka. Aliyejibu ni shemeji yake, kaka wa marehemu.

"Wewe fungua tu, fundi. Ilikwama ghafla kwenye mteremko wa Matogoro, mdogo wangu akafa. Kama ni ubovu, tuuone. Kama siyo, basi huyu mwanamke kamroga, na leo hii anafungasha."

Kitu kikagonga karai. Romwaldi akakiokota, akakifuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kipande cha spoku ya baiskeli, kimepindwa duara, ncha yake imetafunwa na koleo.

Koleo yenyewe ilikuwa mfukoni mwake. Miezi miwili iliyopita, alipokuwa akiitengeneza pikipiki hii, klipu inayoshikilia pini ya pistoni iliruka ikapotelea mchangani, naye akakata spoku, akaipachika badala yake, huku akimchekesha marehemu asione.

"Ni nini hicho, fundi?" mjane aliuliza, uso umemfunguka kwa matumaini.

Romwaldi akakigeuza mara mbili kwenye mwanga.

"Dada yangu, kwenye pikipiki hakuna kifaa cha namna hii. Hiki kimewekwa na mtu."

Shemeji alikuwa ameshasimama, amemgeukia mjane.