Ukurasa wa Shebe

Umeme ulikatika, na gizani bomba la jikoni likasikika likidondosha maji, to, to, to. Zawena alibaki na mwanga wa kompyuta mpakato, binti yake Tima akimwegemea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za kumbukumbu mtandaoni, na kiolezo chake kimoja kiliwatosha marehemu wote wa mji: ukijaza jina, tarehe na picha, ukurasa wa kumbukumbu hujitengeneza wenyewe. Leo alimjaza mumewe, Shebe.

Ukurasa ukatoka, sawasawa na wa watu wengine wote.

"Baba yako hatoshi humu," alisema. Akaufuta, akafungua ukurasa mtupu auandike mwenyewe, mstari kwa mstari. "Haya, tuanze na nini, mwanangu?"

Tima alisikiliza bomba.

"Baba alisema atalitengeneza kesho."