Firigisi ya Mwenye Nyumba

Maximilla alikuwa amebakiza kurasa chache amjue muuaji, wakati mkamwana wake alipoingia na obusuma, ugali wa kwao, na kuku. Tangu kiharusi kimnyang'anye miguu, hakuna kilichomtuliza kama hadithi za wapelelezi wanaofumbua mauaji bila kuinuka kitini.

Akafunga kitabu, akavuta sahani. Juu ya paja la kuku palikuwa na firigisi, imepasuliwa vizuri, inang'aa mafuta.

"Mwanangu amerudi?"

"Bado, mama. Si nilikuambia alienda Likuyani kuangalia mahindi? Anakuja leo jioni."

Katika boma hili firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba. Akisafiri, huwekewa mpaka arudi, hata ikauke kama ngozi ya kiatu.

Asubuhi, kupitia dirisha, Maximilla alikuwa amemwona mkamwana akisugua jembe kwa sabuni.

Akaigeuza firigisi kwa kidole. Ilikuwa bado moto.

"Sasa mbona hii umeniletea mimi?"

Mkamwana akaitazama firigisi kana kwamba hakuipakua yeye. Kisha akafunga mlango kwa komeo, akaketi kitandani na kukichukua kile kitabu.

"Kula, mama," akasema polepole. "Mwisho nitakusomea mimi."